Mahari Ilirudi, Nyumba Ikabaki

Veneranda alipata habari ya kufukuzwa kwake akiwa ameinama mchangani Kibirizi, pwani ya Ziwa Tanganyika, anageuza dagaa. Aliyemletea ni Lyse, mchuuzi mwenzake, mtu asiyejua kunong'ona.

"Mama Feliksi, waache hao dagaa! Dismasi ameingiza mwanamke ndani. Vyombo vyako viko nje, godoro limetupwa juu yavyo."

Veneranda aliendelea kugeuza. Jua lilikuwa kali, na dagaa wakikaushwa kupita kiasi huvunjika, nao wanunuzi wa Dar es Salaam hawataki vichwa vitupu.

"Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Basi lia kidogo, watu wajue umesikia!"

Hakulia. Alimaliza safu yake, akanawa mikono ziwani, akamwomba Lyse pa kulala. Hivyo ndivyo ndoa yake ya miaka tisa ilivyokwisha, mwaka 2004, bila yeye kuwepo.

Jina lake kamili ni Veneranda Niyokwizera. Alivuka mpaka kutoka Burundi mwaka 1993, yeye na kaka yake Ntirampeba, wakafikia kambi ya Mtabila. Baba yao alibaki huko walikotoka, na hakuna aliyeuliza tena habari zake, kwa kuwa jibu lilikuwa linajulikana. Dismasi, Muha wa Kasingirima, alikuwa akipeleka dagaa kambini kuuza. Alimwona, akamposa, akampa Ntirampeba mbuzi wawili na jembe. Kisha akaondoka na mke wake juu ya lori, katikati ya magunia matupu, bila kibali chochote.

Tangu siku ile Veneranda akajiita Muha wa kijiji cha Heru. Lugha ya Waha na ya Warundi ni ndugu, na mtu asiyesikiliza kwa makini hatambui. Sisi tulioishi naye mtaa mmoja tulitambua, tukanyamaza, maana nchi yetu ilikuwa imeweka sheria kwamba mkimbizi akikutwa nje ya kambi anarudishwa au anafungwa. Nasema wazi kwamba hiyo ni sheria ya kumfanya binadamu aishi kama mwizi katika nyumba yake mwenyewe.

Na nyumba ilikuwa yake. Wavuvi wa Kibirizi huvua kwa taa za karabai, na taa hazina kazi mbele ya mwezi. Kwa hiyo kila mbalamwezi inapofika mitumbwi hukaa pwani, wanaume hushona nyavu, hucheza bao, hulala. Katika majuma hayo ya mbalamwezi Veneranda alifyatua matofali. Alifanya hivyo miaka minne hadi vyumba vitatu vikasimama Kasingirima, kwenye kiwanja alichopewa Dismasi na ukoo wake. Ukuta ukiwa umefika usawa wa dirisha, mtoto wao wa pekee, Feliksi, alikufa kwa surua kabla hajaanza kutembea. Mwezi uliofuata mama yake alikuwa amerudi kufyatua matofali. Watu walisema ana moyo wa jiwe. Lakini waliendelea kumwita Mama Feliksi, naye aliendelea kuitika.

"Sasa unataka nini?" Lyse alimuuliza siku ile walipokuwa wanakula ugali.

"Nyumba."

"Na mume?"

"Mume amchukue huyo aliyekuja."

Alianzia kwa wakili, kwa sababu Lyse alisema talaka yenye mali inataka wakili. Ofisi ilikuwa mjini Kigoma, ghorofani. Wakili alimsikiliza vizuri, akampa maji ya kunywa, kisha akamtajia ada. Veneranda alishukuru, akashuka ngazi. Ada ile ilikuwa kubwa kuliko dagaa wote ambao mikono yake ingeweza kukausha msimu mzima.

Akaenda ofisi moja iliyokuwa ikisaidia wakimbizi. Kijana wa mapokezi akamwambia kwa upole kwamba msaada wa sheria wa wakimbizi unatolewa kambini. Arudi kambini kwanza, ajiandikishe upya, halafu aulize huko. Akaenda kwenye shirika la kusaidia wanawake wa mjini. Huko wakamtaka alete utambulisho wa mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti wa mtaa alikuwa akinywa pombe ya ndizi na Dismasi kila Jumapili. Mlango mmoja ulimwona mgeni mno, mwingine ulimwona mwenyeji mno. Kila mmoja ulikuwa na kanuni zake, na kanuni zote zilikuwa zimeandikwa na watu wenye nia njema. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia, na sijapata pa kuiweka hadi leo.

Yeye hakuwa na hasira. Alitembea kutoka ofisi hadi ofisi kama mtu anayebeba ndoo ya maji kichwani, akiangalia mbele tu.

Dismasi akasikia kwamba anazunguka. Akamfuata Kibirizi, akasimama kwenye chanja za dagaa.

"Nasikia unatafuta wakili."

"Ndiyo."

"Nenda. Siku utakayosimama mahakamani nami nitasimama. Nitawaambia wewe ni mkimbizi. Utalala Mtabila siku hiyohiyo, na hao dagaa wako watageuzwa na kunguru."

"Sogea kidogo," Veneranda alisema. "Unanikinga jua."

Wanawake waliokuwa karibu walicheka sana, mmoja akapiga kigelegele. Lakini jioni Lyse alimkuta amekaa sakafuni, amevaa viatu, kama mtu anayesubiri gari.

Ntirampeba, kaka yake, alikuwa bado Mtabila. Habari ilimfikia kwa wachuuzi. Huyu alikuwa mtu wa heshima za zamani. Kwao, mwanamke akifukuzwa, ndugu zake hawakai kimya wakila mali ya mtu aliyewadharau. Hurudisha mahari, na mahari ikirudi mwanamke yuko huru, kichwa juu. Kwa hiyo Ntirampeba aliuza baiskeli yake, akanunua mbuzi wawili na jembe jipya, akaomba kibali cha kutoka kambini kwa sababu za kifamilia, akawapeleka mbuzi wale hadi Kasingirima. Aliwakabidhi kwa Bonifasi, kaka mkubwa wa Dismasi, mbele ya majirani. Hakumwambia dada yake kabla. Alitaka kumfurahisha.

Alifika Kibirizi akitembea kama mtu aliyeshinda vita.

"Mushiki wanje! Dada yangu, nimekukomboa! Inkwano yao nimeirudisha yote, hadi jembe. Hakuna Muha atakayesema tuna deni."

Lyse aliachia ungo. "Umefanya nini, wewe?"

"Nimerudisha mahari."

"Yampaye inka!" Lyse alimaka kwa Kirundi, akashika kichwa. "Mwenzako anadai nyumba, wewe unamfungia mlango? Sasa watasema hana anachodai!"

Ntirampeba alimtazama dada yake. Veneranda alimletea kigoda, akamletea maji ya kunawa.

"Asante, kaka," alisema. "Kaa. Umetoka mbali."

Siku chache baadaye Bonifasi alimchinja mmoja wa mbuzi wale kwa ajili ya sherehe ya mke mpya. Alipokutana na Ntirampeba sokoni alimwambia, "Shemeji wa zamani, mbuzi wako alikuwa laini. Mtabila mnawalisha nini?"

Aliyewaelekeza kwa Mama Catherine ni mwanamke mmoja wa chanja za jirani, ambaye naye aliwahi kuachwa. Mama Catherine alikuwa nesi mstaafu. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, na kila Jumatano alikaa kwenye chumba kidogo cha parokia kusikiliza watu bure. Alikuwa na miwani iliyofungwa kwa uzi na hakuwa na subira.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kati yenu ana shida? Wote watatu? Basi aanze mmoja."

Lyse ndiye aliyeeleza. Mama Catherine alisikiliza hadi kwenye mbuzi, akavua miwani.

"Nani aliyekutuma uwarudishe?"

"Mila," Ntirampeba alijibu.

"Mila imekaa wapi nikaiulize? Haya. Kwa kadiri nilivyofundishwa, mbuzi hawavunji ndoa. Mahakama ndiyo inayovunja. Lakini wazee wa baraza hawakufundishwa pamoja nami, na nitakuwa mwongo nikisema najua watafanyaje." Akamgeukia Veneranda. "Wewe, wakili wa nini? Ndoa yenu ni ya kimila, inakwenda Mahakama ya Mwanzo. Huko wakili haruhusiwi kusimama. Atasimama mumeo, utasimama wewe. Hata ungekuwa na mgodi wa dhahabu, ungesema kwa mdomo wako."

Veneranda aliinamisha kichwa. Labda hapo ndipo alipoogopa kwa mara ya kwanza.

"Kabla ya mahakama kuna baraza la kata," Mama Catherine aliendelea. "Kazi yao ni kuwapatanisha. Wakishindwa, wanaandika hati kwamba wameshindwa. Hiyo hati ndiyo unayoifuata. Usibishane nao habari za mbuzi. Na jambo la pili. Huyo mume anatishia kukutaja kuwa mkimbizi?"

"Ndiyo."

"Basi litaje wewe kwanza. Neno ukilitanguliza, yeye atabaki na nini mdomoni? Sikufichi, linaweza kukuletea shida. Na ardhi hutapata, mgeni hapewi ardhi. Lakini ukificha, atalitoa siku mbaya zaidi. Amua mwenyewe. Mimi si wakili, na si mama yako."

Baraza lilikaa wakati wa mbalamwezi, kama yanavyokaa mashauri mengi ya watu wa pwani ile, kwa sababu siku nyingine mashahidi wako majini au wamelala. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hamdani, fundi seremala, mtu mwenye sauti ya chini. Mama Catherine alikaa nyuma, maana hakuruhusiwa kuongea.

Bonifasi ndiye aliyeanza. Alisema kwamba mahari ilirudi, ukoo ukapokea, mambo yakaisha kwa heshima. Mzee Hamdani aliuliza kama kuna shahidi, na kabla hajamaliza Ntirampeba alikuwa amesimama.

"Nilirudisha mimi! Mbuzi wawili na jembe! Mtu asije akasema dada yangu anadaiwa!"

Wazee walitikisa vichwa kwa kuridhika. Lyse, mlangoni, aliuma ukingo wa khanga yake.

"Sasa, binti," Mzee Hamdani alisema, "mahari ikirudi, mwanamke hurudi na alichokuja nacho. Ndivyo tulivyokuta. Wewe unadai nini tena?"

"Mimi ni Mrundi," Veneranda alisema.

Dismasi, ambaye alikuwa ameanza kuinuka, alibaki katikati, mikono magotini.

"Nilitoka kambini Mtabila. Sikuwa na kibali. Nimesema uongo kwamba natoka Heru. Naomba baraza liandike kuwa limeshindwa kutupatanisha."

"Mnasikia!" Dismasi alipata sauti. "Mkimbizi! Amekiri mwenyewe!"

"Ulimwoa wapi?" Mzee Hamdani alimuuliza.

"Mtabila."

"Kwa hiyo na wewe ulijua. Kaa chini. Hapa ni baraza la ndoa, si ofisi ya uhamiaji." Akafikiri kidogo. "Mwanamke hataki kurudi, mwanamume hataki arudi. Tumeshindwa. Mwandishi, andika."

Hati ikapatikana hivyo, bila mtu kushinda chochote. Kwa siku nyingi baada ya hapo Veneranda alilala akiwa amejifunga khanga mbili, tayari kuchukuliwa. Hakuna aliyekuja. Bahati hiyo si haki, mtu asichanganye.

Mahakama ya Mwanzo ilikuwa na hakimu kijana, na wazee wawili wa mahakama waliokaa pembeni yake. Mmoja wa wazee aliuliza habari za mahari, na Bonifasi akasimulia tena mbuzi wake. Hakimu akasema mahari ni jambo la familia mbili, ndoa itavunjwa na mahakama, na mali iliyochumwa kabla ya hapo itaangaliwa. Mama Catherine alishusha pumzi. Kisha hakimu akamgeukia Veneranda.

"Eleza mchango wako katika nyumba hiyo. Ulifanya nini?"

Walikuwa wamelifanyia mazoezi swali hilo katika chumba cha parokia, Jumatano mbili. Veneranda aliangalia meza.

"Nilikaa," alisema.

"Ulikaa?"

"Ndiyo."

Watu walinong'ona. Mama Catherine alifumba macho. Huko alikozaliwa Veneranda, mwanamke wa heshima ana ibanga, yaani huyafunika ya nyumba yake, na hasimami mbele ya wanaume kuhesabu kazi za mikono yake kama mtu anayejisifu kilabuni. Tena miaka ile yote ilikuwa imefungwa mahali fulani ndani yake, naye hakuona mlango wa kuingilia.

"Sema, mushiki wanje!" Ntirampeba alipayuka.

"Wewe utatolewa nje," hakimu alisema. "Mdaiwa, simama. Nyumba uliijengaje?"

Dismasi alisimama vizuri. Alisema aliijenga kwa fedha zake. Alilipa mafundi. Udongo ulichimbwa palepale kiwanjani, matofali yakafyatuliwa na vijana wa kukodi, kazi ikaisha upesi.

"Si udongo wa pale," Veneranda alisema.

Hakimu aliinua kichwa.

"Ule wa kiwanjani una mchanga mwingi, tofali linapasuka. Tulijaribu, yakapasuka. Tulichimba bondeni. Nilibeba kwa karai. Kibao cha kufyatulia nilikiazima kwa jirani, mzee Selestini, hadi kikafa, akatupatia kingine. Hatukuyachoma kwa sababu kuni hatukuwa nazo, nikayapaka udongo na samadi nje. Chumba cha mbele nilimaliza mwaka wa kwanza. Cha kati mwaka wa pili. Cha nyuma tulifika dirishani, Feliksi akafa. Nikapumzika. Mbalamwezi iliyofuata nikaendelea kuanzia hapohapo dirishani. Mlango wa nyuma umekaa upande, kwa sababu siku hiyo sikuwa naona vizuri."

Aliyasema yote kwa sauti moja, kama anamtajia mtu njia ya kwenda sokoni. Hakimu aliacha kuandika, kisha akaandika tena. Dismasi alikuwa anaangalia sakafu.

"Mlango umekaa upande?" hakimu alimuuliza.

"Umekaa upande," Dismasi alijibu.

Ndoa ilivunjwa. Kuhusu nyumba, hakimu alisema mwanamke ana haki ya sehemu, kwa jasho lake. Lakini kiwanja ni cha ukoo wa mume, na mtu asiye raia hawezi kupewa ardhi. Mume amlipe thamani ya sehemu yake. Dismasi akasema hana, na kila aliyemjua alijua kwamba safari hii anasema kweli, kwani sherehe ilikuwa imemmaliza. Hakimu akauliza kama wanaweza kuelewana kwa namna nyingine.

"Anipe mabati," Veneranda alisema.

Watu wakacheka, na Bonifasi akacheka kuliko wote.

"Mabati, mbao zake na milango. Hivyo si ardhi."

"Unaelewa unachoomba?" hakimu aliuliza.

"Naelewa."

Dismasi alikubali haraka, kama mtu aliyeogopa kuombwa zaidi. Aliamini ataezeka kwa nyasi na maisha yataendelea. Yakaandikwa kuwa makubaliano mbele ya mahakama, wote wawili wakaweka dole gumba.

Ntirampeba ndiye aliyepanda juu kung'oa misumari. Mke mpya alikaa uani na vyombo vyake, uso ameufunika. Hakuna aliyemsemesha, na sioni kosa lake lilikuwa nini. Veneranda alipokea bati moja baada ya jingine, akayapanga kwenye mkokoteni. Alipoingia kutoa mlango wa nyuma alichelewa kidogo ndani, Lyse akamfuata. Alimkuta amesimama tu.

"Unakumbuka?" Lyse aliuliza.

"Hapana. Naangalia bawaba."

Walijenga kibanda cha mbao na mabati Kibirizi, kwenye eneo alilokodi Lyse. Wakati huo watu wa Mtabila walikuwa wanaanza kurudi Burundi, wengine na milango yao kichwani. Ntirampeba alimwambia dada yake wabebe mabati waende, nyumba haivuki mpaka lakini bati linavuka. Alikataa. Alipoulizwa kwa nini, alisema kuna dagaa wa kugeuza. Kaka yake akaondoka peke yake, na waliagana bila maneno mengi.

Masika ya mwaka ule yaliwahi. Nyasi za Dismasi zilikuwa nyembamba, na matofali mabichi yakiloweshwa kutoka juu hurudi kuwa udongo. Chumba cha nyuma ndicho kilichotangulia. Cha kati kikafuata.

Dismasi alikuja Kibirizi mvua ilipotulia, suruali imekunjwa, matope hadi magotini. Alisimama nje ya kibanda, chini ya ukingo wa mabati.

"Hodi, Mama Feliksi."

"Karibu."

"Nyumba inaanguka." Alisubiri. "Ulijua?"

"Niliyafyatua mimi."

"Nipe hata mabati ya chumba kimoja. Tuelewane. Tumeishi miaka tisa."

Veneranda alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatupa changarawe pembeni. Lyse, aliyekuwa ndani, anaapa kwamba hakusikia ndani ya sauti ile furaha wala kisasi, na kwamba kama angesikia lolote kati ya hayo angefurahi.

"Yaliandikwa mahakamani," Veneranda alisema. "Yakibadilishwa, yabadilishwe huko."

"Mimi mahakama nitaiweza wapi? Wakili ni ghali."

"Wakili hahitajiki. Nenda parokiani, kwa Mama Catherine. Anakaa kila Jumatano, na hatozi kitu."

"Huyo si wa wanawake?"

"Anasikiliza mtu yeyote," alisema, akasogeza ungo ili mvua iliyoanza tena isiwaloweshe dagaa. "Lakini wahi asubuhi. Foleni ni ndefu."